Seyyid Khalid na Hifadhi ya Sheria

Wanasheria wanapojadili suala la kurudishana wahalifu baina ya dola na dola, mara nyingi hutafuta mifano ya ng'ambo. Sisi twaona mfano bora umo Unguja, katika maisha ya Seyyid Khalid bin Barghash.

Alizaliwa mwaka 1874, mwana wa Seyyid Barghash aliyetawala Unguja hadi 1888. Mwaka 1893 alijaribu kukalia kiti cha baba yake, akazuiwa. Tarehe 25 Agosti, 1896, Seyyid Hamad bin Thuwaini alipofariki, Khalid aliingia Jumba la Mfalme na kujitangaza mtawala bila ya idhini ya konseli wa Kiingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zililipiga jumba kwa mizinga. Haikutimia hata saa moja, watu wapatao mia tano walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Waingereza walimdai. Wajerumani walikataa, kwa hoja kwamba mkataba wa kurudishana wahalifu baina ya dola hizo mbili haukuwahusu wenye makosa ya kisiasa. Askari wakawekwa nje wamkamate pindi atakapotia mguu barabarani. Tarehe 2 Oktoba, maji ya bamvua yalipojaa hadi kwenye ukuta wa bustani ya ubalozi, mashua ya manowari Seeadler ilikuja kumchukua. Alitoka ndani ya ubalozi na kuingia mashuani bila ya kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko karibu miaka ishirini.

Hatumsifu Khalid kwa utawala aliouwania. Ulikuwa utawala wa ukoo mmoja, uliolishwa na jasho la watumwa katika mashamba ya karafuu. Lakini haki ya mtu haipimwi kwa mapenzi tuliyo nayo juu yake. Ingekuwa hivyo, asingehifadhiwa ila mpendwa wa wakubwa.

Wala hatuwasifu Wajerumani. Sisi tulioko Karatu, kwenye njia ya Ngorongoro, twaikumbuka sura yao nyingine. Katika miezi ile ile ya mwaka 1896 waliyomstahi mwana wa mfalme, majeshi yao yaliwashambulia Waarusha na Wameru baada ya kuuawa kwa wamisionari wawili. Mwaka 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na wenzake. Hao hawakuwa na mkataba wala bustani ya ubalozi. Sheria iliyomkinga mmoja ilikuwa chombo cha ushindani wa wakubwa, si haki ya binadamu wote.

Ndiyo maana kinga hiyo haikudumu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, Khalid alikamatwa, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli na St. Helena. Baadaye aliruhusiwa kurejea Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Leo dola ni yetu wenyewe. Sheria yetu ya mwaka 1965 juu ya kurudishana wahalifu nayo inakataza kumtoa mtu kwa kosa la kisiasa, na Arusha ndiyo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kwa hiyo twawakumbusha maafisa wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani: faili la mtu anayedaiwa lisipimwe kwa uzito wa dola inayomdai, wala kwa wepesi wa mtu mwenyewe. Muuaji na mwizi wasipate maficho kwetu. Lakini kabla ya sahihi kutiwa, aulizwe hakimu: kosa ni lipi, ushahidi uko wapi, na huko aendako atahukumiwa kwa haki? Maswali hayo yawe ngao ya kila mtu, hata yule asiye na bahari ya kumtorosha.