Carey Francis: Hakwenda Pumwani Kupumzika

Kila nipitapo Pumwani, Nairobi, hujihisi kama niko kwetu Pwani. Misikiti ipo, na nyumba za kale za Majengo zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Katika mtaa huo alimalizia kazi yake Mwingereza mmoja Mkristo, marehemu Edward Carey Francis. Humkumbuka kila niwasikiapo jirani zetu Wakristo wakijadiliana juu ya fungu la kumi, yaani kutoa kanisani sehemu moja katika kumi ya pato.

Hesabu hiyo si ngeni kwetu. Nafaka iliyostawi kwa mvua zaka yake ni moja katika kumi, na fedha ni robo ya hiyo. Lakini yeye alitoa kisichopimwa kwa pishi wala kwa mizani.

Alizaliwa London mwaka 1897. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akasoma hesabu Cambridge hata akawa mwalimu katika chuo cha Peterhouse. Heshima alikuwa nayo, na maisha ya raha yalikuwa mbele yake. Mwaka 1928 aliyaacha yote, akaja Kenya na misheni ya CMS. Aliongoza shule ya Maseno hadi 1940, kisha Alliance kule Kikuyu hadi 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi mashuhuri, alikuwa mwanafunzi wake. Hakuoa, wanafunzi ndio waliokuwa jamaa zake.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mkali mno wa nidhamu, na siku za Mau Mau hakuwa upande wa wapiganaji. Wako wasiomsamehe kwa hilo, nami siwalaumu. Mtu hupimwa kwa yote aliyotenda.

Ila linalonishangaza ni la mwisho. Mwaka 1962 alikuwa na miaka sitini na mitano. Angeweza kurudi kwao akale pensheni kwa amani. Badala yake alikwenda shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato kidogo, akawa mwalimu wa kawaida. Aliyekuwa mkuu kwa zaidi ya miaka thelathini alishika chaki kama mwalimu mwingine yeyote. Akaendelea hivyo mpaka mauti yalipomfika Julai 1966.

Nami nimevuka hamsini, na jambo hili lanigusa. Wengi wetu hustaafu na elimu yetu, tukakaa barazani kungoja sala hata sala, na watoto wa mtaani hawana wa kuwafundisha. Zaka ya mali twaijua, na alhamdulillahi wengi huitoa. Je, elimu na umri tulioruzukiwa, zaka yake tumeitoa?