Mwalimu aliyeanza shule na miaka 12

Kila tarehe 14 Oktoba hapa chuoni hatuna vipindi. Wengine tunafua, wengine tunalala, na wachache wanafuatilia kuzimwa kwa Mwenge kwenye simu ya mwenzao mwenye bando. Nakiri kwamba mpaka mwaka huu wa tatu wa ualimu, Nyerere niliyemjua ni yule wa kwenye desa: tarehe ya uhuru, Azimio la Arusha, basi.

Kilichonifanya nimsome upya ni likizo iliyopita. Nilijitolea kufundisha hisabati darasa la sita kwenye shule moja ya msingi huku nyumbani Tunduma. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye kila jaribio alikuwa anaambulia 8 au 10 kwa 50. Jumamosi moja nikamkuta karibu na mpaka anamsaidia mama yake kuuza vitunguu. Wateja wa upande wa Nakonde wanalipa kwacha, yeye anaigeuza kuwa shilingi kichwani na kurudisha chenji kabla sijafungua kikokotoo cha simu. Jumatatu nikampa jaribio, akapata 9. Nikajiuliza, hivi sheria inaposema mtoto huyu lazima awe darasani, inataka atoke pale akiwa anajua nini? Kumbe kuna mtu alilihangaikia swali hilo sehemu kubwa ya maisha yake.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mzazi wa Kiafrika kupeleka mtoto shule. Kambarage alichunga mifugo mpaka mwaka 1934, ndipo akapelekwa bweni, Shule ya Mwisenge, Musoma. Alikuwa na miaka 12. Leo mtoto wa umri huo tunamhesabu anakaribia kumaliza. Yeye alichelewa kuanza, lakini mwaka 1937 alikuwa ameshafika Tabora, shule ya serikali iliyochukua vijana wachache kutoka nchi nzima.

Kutoka Tabora akaenda Makerere kusomea ualimu, akarudi kufundisha St. Mary's Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952 na shahada yake alikwenda kufundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa yeye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata akalazimika kuchagua kati ya chaki na siasa. Akaacha kazi, lakini jina la Mwalimu halikumtoka mpaka kaburini.

Nchi aliyoikabidhiwa tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na lake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kazi Januari 1962, ikaufuta ubaguzi huo wa rangi. Ya mwaka 1969 ikaziweka chini ya serikali shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Katikati ya sheria hizo mbili ndipo kuna jambo linalotuhusu sisi wanachuo moja kwa moja.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza Ikulu, akakasirika kwelikweli, akawafukuza mamia yao na kuwarudisha makwao. Papo hapo akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, na sitaki kusema nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni kwamba miezi mitano baadaye, Machi 1967, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na ukilisoma unahisi bado anawaza juu ya vijana wale.

Hoja yake ni rahisi ila inauma. Alihesabu kwamba watoto kama asilimia 13 tu wa shule za msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari, lakini shule nzima ilifundisha kana kwamba wote wanakwenda huko. Wale 87 waliobaki walihesabiwa wameshindwa kabla hawajaanza maisha. Yeye akataka shule ya msingi iwe elimu kamili inayojitosheleza, imwandae mtoto kwa maisha ambayo wengi wataishi. Akataka pia mtoto aanze shule akiwa mkubwa kidogo, ili akimaliza darasa la saba awe na nguvu na akili ya kuanza kazi. Kuhusu shamba la shule, alitaka wanafunzi washiriki kupanga kilimo na waone faida inakwenda wapi. Mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi mpaka darasa la saba.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ikafutwa. Novemba 1974, kule Musoma alikoanzia shule, TANU iliazimia watoto wote wawe wameandikishwa kufikia Novemba 1977. Mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria taasisi ya mitaala ambayo leo tunaiita TET. Halafu ikaja Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978: mtoto akifika miaka 7 lazima aandikishwe, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize.

Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi wakiwa kazini. Madarasa yalifurika. Na shamba la kujitegemea, sehemu nyingi, likageuka adhabu au kibarua cha bure, bila mtoto kuulizwa chochote. Mtihani nao ulibaki palepale, ukiwachuja wachache na kuwaacha wengine na jina la waliofeli. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985 na swali lake la 1967 likiwa halijajibiwa. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Ila sikubali kwamba yote yalikwenda bure. Mama yangu mkubwa, huko kijijini Mbozi, aliandikishwa kwa msukumo ule wa UPE. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa. Mpaka leo msimu wa kahawa majirani wanamletea stakabadhi za AMCOS awasomee kilo na makato, na karani akikosea anarudishwa mezani. Kwenye takwimu za mwaka ule mama mkubwa ni mmoja wa waliofeli.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, shule ya msingi ikiwa miaka 6, na mitaala mipya imeanza kutumika tangu 2024 ikisisitiza stadi za kazi. Nimefurahi. Lakini wenzangu wa ualimu, sheria inaweza kumleta mtoto mpaka mlangoni na kuorodhesha masomo. Anachokuta ndani kinatutegemea sisi tutakaopangiwa Momba, Ileje na kwingineko.

Wiki ya mwisho ya likizo nilitunga jaribio la kwacha, shilingi na vitunguu. Yule kijana alipata 41. Halafu akaniuliza kama maswali kama yale yatakuja kwenye mtihani wa taifa, nikashindwa kumjibu.