Ziryab na Bilauri

Nilikuwa katika msafara wa bwana arusi uliotoka Mombasa. Tulishukia Migori, tukapita Rongo, hata tukafika Homa Bay kwa wakwe. Walitukirimu mno. Mpiga nyatiti alikaa kitako na ala yake ya nyuzi nane, na mezani zikapangwa bilauri nyembamba za mguu mrefu, zile za kunywea shampeni. Kwa kutuheshimu sisi Waislamu, walitutilia soda ya tangawizi.

Ami yake bwana arusi akaisukuma yake. Kimya kikatanda. Mama wa bibi arusi akainamisha uso. Nikatakiwa niseme neno, kwa vile nimepita chuoni. Nami nikawasimulia maisha ya Ziryab.

Jina lake khasa ni Abul-Hasan Ali bin Nafi. Ziryab ni jina la ndege mweusi aimbaye vizuri, naye aliitwa hivyo kwa rangi yake na sauti yake. Baghdad alisoma uimbaji kwa Ishaq al-Mawsili. Yasimuliwa kwamba alipomwimbia Khalifa Harun al-Rashid, mwalimu wake alishikwa na kijicho, akamtaka auhame mji. Akaenda Kairouan, kisha mwaka wa 822 akavuka bahari kuingia Andalusi. Amiri al-Hakam aliyemwita alikuwa ameshakufa. Mwanawe, Abd al-Rahman wa Pili, akampokea Cordoba na kumkatia dinari 200 kila mwezi. Huko ndiko alikofia mwaka wa 857.

Wapigaji wetu wa taarabu wamjue: wanahistoria wasema ndiye aliyeutia udi uzi wa tano, akaupiga kwa unyoya wa tai badala ya kijiti. Mezani aliwafunza watu kula kwa zamu, supu kwanza, kisha nyama, na vitamu mwisho. Na vikombe vya dhahabu na fedha akavibadili kwa vya kioo. Hata neno letu bilauri ni la Kiarabu, asili yake ni jiwe lile safi lionekanalo ndani.

Sikuwaficha kwamba katika baraza ile mvinyo ulinywewa. Lakini kunywea dhahabu na fedha Mtume wetu amekukataza, na kioo hakimo. Kioo hakitii ladha yake katika kinywaji, na kilichomo chaonekana. Umbo nalo lina kazi yake. Bilauri ya mdomo mpana huiachia gesi itoke upesi. Iliyo nyembamba huitunza. Na iliyotuna tumboni ikabanwa mdomoni huitunza na kuikusanya harufu pia. Kanuni hii ni ya shampeni, na ni ya soda ya tangawizi vile vile.

Hata hivyo ami hakuwa mjinga. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, alionya kwamba watu wakipanga majlisi kwa mfano wa walevi, wakawa na vyombo vyao na mnyweshaji wa kuwazungukia, wametenda haramu, ijapokuwa kilichomo ni sharubati ya siki na asali. Kosa ni kule kujifananisha. Sasa, je, wakwe zetu walikuwa wakiwaiga walevi, ama walitoa chombo chao kizuri kabisa kwa ajili ya wageni? Mimi niliona ni hilo la pili, nami nikanywa. Lakini nikasema pia kuwa mwenye shaka moyoni asilazimishwe.

Mama wa bibi arusi akainuka mwenyewe, akaenda jikoni, akarudi na bilauri ya kawaida, ile ya kunywea maji. Akamimina soda mbele ya ami. Povu lake lilizima upesi kuliko letu, lakini ami alikunywa yote, akamshukuru na kumwombea dua. Mpiga nyatiti akaanza tena.