Mzee Karume na Uwanja wa Mazoezi

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, Wazanzibari humkumbuka Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa kwa risasi huko Kisiwandui mwaka 1972. Hutajwa Mapinduzi, Muungano na majumba ya Michenzani. Leo tunapenda kuukumbuka upande wa maisha yake usiotajwa sana, nao ni mpira, kwani ndani yake mna funzo kwa Micheweni.

Mzee Karume alizaliwa mwaka 1905. Hakupata elimu kubwa ya skuli. Ujanani alikuwa baharia katika meli za kigeni, kisha akarejea Unguja na kuongoza umoja wa wenye mashua za mota zilizochukua abiria bandarini. Zama hizo klabu za mpira za Ng'ambo hazikuwa mahali pa mchezo tu. Ndimo wanyonge walimojifunza kuchaguana, kuchangishana na kusimamia jambo lao wenyewe. Jumuiya ya Waafrika ya mwaka 1934 ilikulia katika mazingira hayo, na mwaka 1957 ikaungana na Washirazi kuunda Afro-Shirazi Party, chini ya uongozi wake. Baada ya tarehe 12 Januari 1964 akawa Rais wa Zanzibar.

Aliposhika madaraka hakuusahau mpira. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, kwa msaada wa China. Huko Dar es Salaam, klabu ya Young Africans ilipata msaada wake katika kujenga makao yake Jangwani, penye uwanja wa mazoezi uliopewa jina la Kaunda. Alifahamu kwamba timu isiyo na pahala pake ni sawa na baharia asiye na bandari.

Ukweli hauna budi kusemwa wote. Miaka ya utawala wake haikuwa na uchaguzi, chakula kilikuwa haba, na wapo waliowekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Hapa Pemba makovu ya miaka ile yangalipo katika nyoyo za wazee wetu. Kumsifu mtu kwa viwanja alivyovijenga si kuyafuta hayo. Bali ni kuwakumbusha viongozi wa leo kwamba jema lililofanywa Unguja lina haki ya kufika mpaka ncha ya kaskazini ya Pemba.

Micheweni si masikini wa vijana. Kila jioni, kutoka Konde hadi Wingwi na Kiuyu, mpira unachezwa. Lakini ardhi ya upande huu kwa sehemu kubwa ni maweni, yenye udongo haba juu ya jiwe, na anayeanguka huinuka na jeraha. Mnamo Januari 2025 timu ya Zanzibar ilitwaa Kombe la Mapinduzi Gombani, mbele ya Wapemba wenyewe. Furaha ile ilikuwa kubwa. Hata hivyo, mchezaji haumbwi siku ya fainali, huumbwa katika uwanja wa mazoezi.

Uwanja huo hautaki fahari. Wataka ardhi iliyopimwa na kuandikwa, udongo wa kutosha juu ya jiwe, maji, uzio na msimamizi anayelipwa. Jangwani kunatufunza pia kwamba kujenga si kutunza: uwanja wa Kaunda, ulio katika bonde la Msimbazi, umesumbuliwa mno na mafuriko. Nasi tangu mwaka 1992 tuna eneo huru la uchumi Micheweni. Ni vyema wanaoigawa ardhi wakatenga mapema sehemu ya vijana, kabla kila kipande hakijapata mwenyewe.

Wazee wa Micheweni, kwa upande wao, wasingoje Serikali peke yake. Klabu za Ng'ambo zilianza kwa michango ya wachukuzi na mabaharia. Serikali na itoe ardhi na maji. Wananchi watoe nguvu zao na ulinzi. Hapo kumbukumbu ya tarehe 7 Aprili itakuwa na maana hata kwa kijana wa Micheweni.