Charles Goodyear

Charles Goodyear (New Haven, Connecticut, 29 Desemba 1800 – New York, 1 Julai 1860) alikuwa mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kugundua vulkanizesheni, yaani njia ya kuimarisha mpira kwa kuuchanganya na sulfuri na kuupasha moto.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Amasa Goodyear, aliyetengeneza na kuuza bidhaa za chuma na zana za kilimo. Mwaka 1824 alimwoa Clarissa Beecher. Miaka miwili baadaye alifungua duka la zana mjini Philadelphia, lakini biashara hiyo ilifilisika mnamo 1830. Kwa kuwa sheria za wakati ule ziliruhusu mdaiwa kufungwa, Goodyear aliwekwa gerezani mara kadhaa.

Majaribio ya mpira

Mwaka 1834 alitembelea duka la kampuni ya mpira ya Roxbury mjini New York, akitaka kuwauzia vali aliyoibuni kwa ajili ya maboya ya kuokolea watu majini. Huko alielezwa kwamba tatizo halikuwa vali bali mpira wenyewe: wakati wa joto uliyeyuka na kunata, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu na kupasuka. Wateja walikuwa wakirudisha bidhaa zilizoharibika.

Goodyear hakusomea kemia. Alianza kukanda utomvu mkavu wa mpira kwa mikono yake, akiuchanganya na unga wa aina mbalimbali. Alifikiri kwamba unga mkavu ungefyonza unato. Unga wa magnesia ulionekana kufaa, naye pamoja na familia yake walitengeneza mamia ya jozi za viatu, lakini vyote viliharibika joto lilipofika. Alijaribu pia kuchemsha mpira katika maji ya chokaa.

Baadaye aligundua kwamba asidi ya nitriki iliondoa unato, akapata hataza mwaka 1837. Serikali ilimwagiza mifuko 150 ya barua. Hata hivyo asidi iliimarisha sehemu ya juu tu. Ndani mpira ulibaki vilevile, na mifuko ikaharibika kabla ya kutumika. Familia iliishi kwa misaada na kwa kuuza vyombo vya nyumbani. Watoto wake kadhaa walifariki wakiwa wadogo.

Ugunduzi wa vulkanizesheni

Nathaniel Hayward, aliyefanya kazi ya mpira mjini Woburn, Massachusetts, alikuwa akitumia sulfuri kukausha mpira, na Goodyear alinunua haki ya njia hiyo. Mwaka 1839 kipande cha mpira chenye sulfuri kiligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, kiliungua kidogo kama ngozi, na kandokando yake palikuwa na sehemu iliyonyumbuka bila kunata. Ilimchukua miaka mingine kupata kiwango sahihi cha joto na muda. Leo inajulikana kwamba sulfuri hufunga pamoja minyororo mirefu ya molekuli za mpira.

Alipewa hataza ya Marekani namba 3,633 tarehe 15 Juni 1844. Nchini Uingereza Thomas Hancock alikuwa amemtangulia kuomba hataza. Nchini Marekani, mwaka 1852, wakili Daniel Webster alimtetea dhidi ya Horace Day, na Goodyear alishinda kesi hiyo.

Kifo na urithi

Ushindi haukumtajirisha. Mwaka 1855 alifungwa tena kwa madeni, safari hii mjini Paris, na akiwa gerezani alipokea nishani ya Légion d'honneur. Alipofariki aliacha madeni ya takriban dola 200,000. Kampuni ya Goodyear ilianzishwa na Frank Seiberling mwaka 1898 na kupewa jina kwa heshima yake. Yeye na familia yake hawakuwa wamiliki.

Viwanda vya mpira, wa asili na wa kutengenezwa kwa kemikali, bado huchanganya sulfuri na unga kama masizi ya kaboni au udongo wa mfinyanzi. Udongo una vipande vyembamba vya unene wa takriban nanomita 1. Kwa kuwa hupenda maji, vipande hivyo hushikana na kufanya madonge ndani ya mpira, hivyo kwanza hutibiwa kwa chumvi za kikaboni ili vitawanyike. Vikisambaa sawasawa, huimarisha mpira na kupunguza upitaji wa gesi.