Jella Lepman: mama aliyeomba vitabu kwa ajili ya watoto wa adui

Mwishoni mwa mwaka 1945, Jella Lepman alirudi Ujerumani, nchi aliyozaliwa na ambayo alilazimika kuikimbia. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha. Miji ilikuwa vifusi, watoto walikuwa na njaa, na vitabu vingi walivyoachiwa vilijaa chuki ya Wanazi.

Lepman alizaliwa Stuttgart mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi. Akiwa na miaka 17 tu, alianzisha chumba cha kusomea kwa watoto wa wafanyakazi wa kigeni. Mumewe alifariki mwaka 1922, akamwachia watoto wawili. Akawalea kwa kazi ya uandishi wa habari. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, alipoteza kazi kwa sababu ni Myahudi. Mwaka 1936 alikimbilia Uingereza, na wakati wa vita akafanya kazi katika redio ya BBC.

Sasa alirudi akiwa mshauri wa jeshi la Marekani kuhusu wanawake na vijana. Aliona kwamba chakula peke yake hakitoshi: mtoto aliyefundishwa kuwachukia wengine anahitaji pia kuwajua. Lakini fedha za kununua vitabu hazikuwapo. Akaziandikia nchi 20 barua, akiomba zawadi ya vitabu vya watoto. Nyingi zilikuwa zimepigana na Ujerumani.

Ubelgiji ilikataa, kwani Ujerumani ilikuwa imeivamia mara mbili. Lepman hakukata tamaa. Akaandika tena, akieleza kwamba watoto hao wakiachwa gizani, huenda uvamizi wa tatu ukaja. Ubelgiji ikatuma vitabu.

Julai 1946 maonyesho yalifunguliwa mjini Munich, katika jumba lililojengwa na utawala wa Hitler. Lepman mwenyewe alitafsiri hadithi ya Ferdinand, fahali asiyependa kupigana. Ikachapwa kwenye karatasi za gazeti, nakala 30,000, na kugawiwa watoto.

Kutokana na vitabu hivyo ikazaliwa Maktaba ya Kimataifa ya Vijana, iliyofunguliwa Munich mwaka 1949. Mwaka 1953 alianzisha Bodi ya Kimataifa ya Vitabu vya Vijana, IBBY, mjini Zurich. Huko ndiko alikofariki mwaka 1970.

Leo maktaba hiyo ina vitabu zaidi ya 600,000 katika lugha zaidi ya 240. Wataalamu wa fasihi ya watoto husafiri kutoka nchi mbalimbali kwenda kuvilinganisha. Wanachunguza kila jamii inawaambia nini watoto wake: nani shujaa, nani mgeni, nani wa kuogopwa. Kazi hiyo inawezekana kwa kuwa vitabu vya waliokuwa maadui viko chini ya paa moja.

Kila tarehe 2 Aprili, IBBY huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto.