Mwenda Jean Bosco: gitaa lilitangulia, mwenyewe akafuata

Kabla ya simu na kadi memori, wimbo ulisafiri kwa diski na kwa redio. Mwenda Jean Bosco, mwana wa Katanga, alipata jina kwa njia hizo mbili. Maisha yake yanaonyesha kazi inayobaki kwa mwanamuziki kisha wimbo kutoka.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kwenye makao ya wafalme wa Bayeke. Gitaa alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume. Dole gumba lilishika besi, na kidole cha pili kilichezesha wimbo wenyewe. Mtu akimusikia bila kumuona, anaweza kuapa kwamba ni magitaa mawili.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini na kuzunguka akirekodi muziki wa Waafrika, alimukuta Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Alirekodi nyimbo zake, kati yao Masanga. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikazitoa kwenye diski, na diski zikauzwa mbali kuliko alipokuwa amefika mwenyewe. Watu walijua gitaa lake, lakini sura yake hawakuijua.

Hapo ndipo alipofanya jambo la maana: alifuata wimbo wake mahali ulipokuwa umefika. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alikwenda Nairobi. Huko alipiga muziki mbele ya watu, na akawa na kipindi chake redioni. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili, kwa hiyo msikilizaji wa Kenya hakuhitaji mtu wa kumutafsiria. Kipindi kinaporudi kila mara, watu wanajua wakungojee lini. Vijana wengi wa Kenya walijifunza gitaa kwa kumusikiliza. Ndugu yake wa ukoo, Edouard Masengo, naye mpiga gitaa, alishika njia hiyohiyo ya Nairobi.

Waandishi nao hawakumusahau. Mwaka 1961 na 1962, jarida la African Music lilichapa uchunguzi wa David Rycroft juu ya namna Bosco alivyopiga gitaa. Mwaka 1969 alifika Marekani, kwenye tamasha la Newport.

Lakini sifa haikutosha kulisha nyumba. Alitumika kwenye benki, alitumika Gécamines, akasimamia bendi za Lubumbashi, na akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Jina nalo liligeuka. Mwaka 1972 Mobutu aliwaagiza raia waache majina ya Kikristo, na Jean Bosco akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Fikiria mpenzi wa muziki wake kule Nairobi, mwenye diski ya zamani mkononi: angejuaje kwamba ni mtu yuleyule?

Mwaka 1988 alirekodi tena nyimbo zake huko Cape Town. Mwezi wa Septemba 1990, akiwa na miaka 60 hivi, alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Barabara ya taifa namba 5, inayopita Mboko, ndiyo inayoshuka Baraka, Fizi na Kalemie mpaka Lubumbashi, mji alimoishi Bosco. Leo wimbo wa kijana wa Mboko hauhitaji hata barabara hiyo. Unapita toka simu moja hadi nyingine, na mara nyingi unafika bila jina la aliyeuimba. Anayeupeleka redioni aseme jina lake ndani ya rekodi, aache namba ya simu, tena akubali kuja kuongea na wasikilizaji. Akibadili jina la usanii, atangaze yote mawili kwa muda. Wimbo unaweza kutangulia, ila mwenyewe asichelewe kuufuata.